Kabati la Vitabu: Kutoka Skuli za Unguja hadi Skuli za Maskati



Muhula uliopita wanachama wanne wa klabu yetu tulikwenda katika skuli moja ya hapa Maskati kuzungumza na wanafunzi wa darasa la kumi juu ya uhusiano wa Oman na Afrika Mashariki. Tulipomaliza, mwalimu mwenyeji alitutembeza katika kituo cha nyenzo za kujifunzia, ambacho zamani tungekiita maktaba. Kilikuwa kimetengenezwa upya: kompyuta mpya, meza za duara, vitabu vya sayansi vya Kiarabu na vya Kiingereza ambavyo kurasa zake bado zilikuwa zimegandana. Tulifurahi kwa dhati. Baadhi yetu tumesoma katika skuli ambazo maktaba yake ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo anao mwalimu mkuu.

Wakati wa mazungumzo tulikuwa tumeuliza nani nyumbani kwao husemwa Kiswahili, na mikono mingi ikanyanyuka. Basi pale kituoni tukamuuliza mwalimu: je, kipo kitabu chochote cha Kiswahili? Akafikiri kidogo, akajibu kwa adabu: "Hapana. Hajapata mtu kuomba."

Jibu lile lilitusindikiza njia nzima ya kurudi chuoni. Halikuwa jibu la mtu anayekataa, bali la mtu anayesema kweli. Kabati la vitabu vya skuli halijijazi lenyewe. Yuko anayeamua kiingie kitabu gani, kwa lugha gani na kwa hati gani, na anapoamua kuingiza, mara nyingi anaamua pia kuacha. Tukaona tuifuatilie historia hiyo, kuanzia Unguja, walikosoma wazee wetu wengi, hadi hapa Maskati, tunakosoma sisi.

Mashine ya chapa ya Seyyid Barghash

Tuanze na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya kushika ufalme alipata kupelekwa uhamishoni Bombay, baada ya jaribio la 1859 la kumpindua ndugu yake, Seyyid Majid. Kunako 1880 kiwanda chake cha chapa kilikuwa kinafanya kazi Unguja. Humo zilianza kuchapwa juzuu za Qamus al-Sharia, kitabu cha majalada 90 kilichotungwa na Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi wa Oman, pamoja na Hamyan al-Zad, tafsiri ya Kurani ya Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, Algeria.

Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Wakati huo Oman yenyewe haikuwa na kiwanda cha chapa. Kitabu cha mwanachuoni wa Oman kilichapwa Unguja, kisha kikasafiri kwa jahazi kurudi kwa watu wake. Tumezoea kusimuliwa kwamba elimu ilitoka Arabuni ikaenda Pwani ya Afrika Mashariki, lakini mashine ya Barghash yatuonesha kuwa njia ile ilipitwa pande zote mbili.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mashine ile haikulifanya. Ilichapa vitabu vya Kiarabu kwa ajili ya wanavyuoni. Kiswahili, lugha iliyosemwa ndani ya jumba la Sultani na nje yake, hakikupata nafasi hiyo. Waliokishughulikia kwa chapa siku zile walikuwa wamisionari wa UMCA. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wao, alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, pamoja na mkusanyo wa hadithi za Unguja katika mwaka huohuo. Wao walitumia hati za Kilatini. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na makabati mawili katika mji mmoja: moja la Kiarabu lililojazwa na mfalme, na moja la Kiswahili cha Kilatini lililojazwa na wageni. Mswahili aliyeandika lugha yake kwa hati za Kiarabu, kama walivyofanya mababu zake kwa karne nyingi, hakuwamo katika lolote kati ya hayo mawili.

Skuli ya serikali na hati mpya

Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya himaya ya Waingereza ilianza kufungua skuli zake Unguja. Watoto waliokuwa wakiingia humo hawakuwa wajinga wa kusoma. Wengi walikuwa wamepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wanaijua alifu na bee, na baadhi yao waliweza kuandika barua ya Kiswahili kwa hati hizohizo. Skuli mpya iliwafundisha a, e, i, o, u. Mtoto aliyekuwa msomaji asubuhi chuoni aligeuka kuwa mwanafunzi wa kwanza mchana skuli.

Wazazi wengi walisita, na sababu yao haikuwa kuchukia elimu. Walikuwa wakiuliza kwa nini elimu waliyokwisha kuwapa watoto wao haihesabiki, na kwa nini Kurani haimo katika ratiba. Baada ya muda serikali ililazimika kuingiza mafunzo ya dini ili madarasa yajae.

Mombasa nako Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilikabili jambo hili kwa vitendo. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na 1932 akatoa al-Islah. Alijitahidi pia kuitengeneza hati yenyewe iweze kubeba sauti za Kiswahili bila kumtatiza msomaji. Hakuikataa elimu mpya, na alihimiza Waislamu wasome. Alichokataa ni kwamba kupata jipya lazima kuwe ni kutupa la zamani.

Kamati na muhuri wake

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ambapo lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoziunganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yake kubwa moja ilikuwa kupitia vitabu vya skuli: kitabu kilichopita kilipewa idhini, na kilichokosa idhini kilikuwa na nafasi ndogo ya kufika darasani.

Tusiibeze kazi ya kamati ile. Bila ya tahajia moja, kitabu kilichochapwa kwa ajili ya Tabora kisingesomeka kwa urahisi Lamu. Kamusi yake ya 1939 bado ipo katika meza za walimu wetu. Na ukoo wake umeendelea hadi TUKI, ambayo leo ni TATAKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini mwanzoni wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu, na makabati ya skuli yalionesha hivyo. Vitabu vya hadithi walivyopewa watoto vilikuwa aghalabu tafsiri: Kisiwa chenye Hazina, cha Mskochi Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Mwingereza Rider Haggard. Hadithi nzuri, na wapo wazee wetu wanaozikumbuka mpaka leo kwa mapenzi. Ila mtoto wa Malindi au wa Ng'ambo alisoma kwa lugha yake habari za mabaharia wa Bristol, na habari za manahodha wa mtaani kwake hakuzikuta.

Walimu walioamua kuandika

Hapa ndipo tulipofika katika historia hii tukafunga madaftari kidogo na kuzungumza, kwani hapa tulikuta mfano tulioukosa mahali pengine.

Kuanzia 1927 idara ya elimu ya Zanzibar ilitoa jarida liitwalo Mazungumzo ya Walimu. Jina lake lasema kazi yake. Ndani yake walimu wa Unguja na Pemba waliandika kwa Kiswahili kuhusu namna ya kufundisha, na pia kuhusu historia na mila za visiwa vyao, wakajibizana na kusahihishana. Walimu hawahawa walikuwa na darasa la kesho yake, kwa hiyo walichokiandika waliweza kukitumia. Wakati huohuo mwalimu wa Kiingereza L. W. Hollingsworth alishirikiana na mwalimu mwenzake wa Unguja, Abdulla Muhammed al-Hadhramy, kuandika Milango ya Historia, kitabu cha kufundishia historia kwa Kiswahili.

Hatusemi kwamba yote yaliyoandikwa humo yalikuwa sawa. Wanahistoria wa leo wamewalaumu baadhi ya walimu wale kwa kuuona ustaarabu kuwa ni mali ya tabaka moja tu la watu wa visiwani, na lawama hiyo ina uzito. Lakini walifanya jambo moja ambalo mfalme hakulifanya wala kamati haikulifanya: waliliangalia kabati, wakaona kinachokosekana, wakakaa chini wakakiandika.

Mmoja wa watu waliolelewa na mazingira hayo alikuwa Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja 1912. Alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa skuli za msingi. Mwaka 1942 alitoa Seyyid Said bin Sultan, historia ya mfalme yule kwa Kiswahili chepesi ambacho mwanafunzi angeweza kukisoma peke yake. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Zanzibar, kisha wa Kenya, na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ikatoka kamili 1969. Ukitazama vitabu vyake utamwona mwalimu wa skuli ndani ya mwanachuoni: sentensi fupi, maelezo ya jina na mahali, na msomaji anayeongozwa bila ya kudharauliwa. Sheikh Abdulla alifariki mwaka 1982, hapa Maskati.

Vitabu ndani ya masanduku

Mwaka 1948 ilianza East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Mbali na kuchapa vitabu, ilipeleka masanduku ya vitabu katika vijiji visivyo na maktaba. Iliendesha pia mashindano ya uandishi, na ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla, mhariri wa jarida la wakulima la Zanzibar. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda, na ilichapwa 1960. Hatimaye mwanafunzi akapata mpelelezi anayevuta kiko na kuzungumza Kiunguja.

Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Hatutayasimulia hapa, kila nyumba ina yake, na hazifanani. Tunalotaka kulitaja ni dogo: watu waliondoka na mizigo michache, na katika mizigo hiyo baadhi walitia vitabu. Bibi wa mmoja wetu, ambaye alisomesha skuli Unguja, bado anacho kitabu cha kusomea cha darasa la pili, kimeshonwa mgongo kwa uzi mweusi. Tulipomuuliza kwa nini alikibeba hicho na kuacha vyombo, alisema: "Mwanangu, vyombo vilikuwa vya nyumba. Hiki kilikuwa cha kazi yangu."

Maskati baada ya 1970

Sultani Qaboos bin Said alipotawala tarehe 23 Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali, Maskati, Matrah na Salala, zote za wavulana, na wanafunzi wake wote hawakuzidi sana 900. Skuli ya Saidiya ya Maskati ilikuwa imefunguliwa 1940. Serikali mpya iliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi, na waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuwemo wengi waliosoma. Walishika kazi maofisini, hospitalini, katika mafuta na katika skuli zilizokuwa zikifunguliwa kila mwaka. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipokea wanafunzi wa kwanza 1986.

Makabati ya skuli hizo yalijazwa Kiarabu, na hapakuwa na njia nyingine ya busara. Nchi ilikuwa inajiunganisha upya kwa lugha yake ya taifa, na watoto waliozaliwa Unguja au Dar es Salaam walihitaji Kiarabu cha kusomea kuliko kitu kingine chochote. Wengi wa wazazi wetu wanakumbuka kuchekwa darasani kwa matamshi yao. Basi Kiswahili kikarudi jikoni na barazani. Kikawa lugha ya mapenzi, ya ugomvi na ya vyakula, ila si ya kusomea.

Mwaka wa masomo 1998/1999 ulianza mfumo wa elimu ya msingi, kwanza katika skuli 17. Pamoja nao maktaba za skuli ziligeuzwa kuwa vituo vya nyenzo za kujifunzia, markaz masadir at-taallum, ambamo kitabu kinakaa pamoja na kompyuta, picha na sauti. Yalikuwa mabadiliko makubwa. Mwanafunzi hakutakiwa tena kungoja mwalimu amsomee, bali atafute mwenyewe. Hicho ndicho kituo tulichotembezwa, na ndicho tulichokikuta bila ya kitabu kimoja cha Kiswahili.

Kwa nini tunaona ni hasara

Mtu anaweza kutuuliza: kwa nini mtoto wa Maskati asome Kiswahili, na dunia imejaa lugha za kumpatia kazi? Hoja yetu ni ya kihistoria. Sehemu ya historia ya Oman imeandikwa kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, ambaye ukoo wake ulitoka Oman, aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetaka kujua Waomani walifanya nini bara la Afrika, pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa, atamkuta mwenyewe akisema kwa kinywa chake. Lakini mjukuu wa wasemaji wa lugha hiyo hapa Maskati huyasoma kwa tafsiri, au hayasomi.

Tulipoanza kuandika orodha ya vitabu tutakavyoomba viingizwe, tuligombana, na hatutaki kulificha hilo. Kuhusu Seyyid Said bin Sultan hatukubishana. Mwenzetu mmoja akataja Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, riwaya ya 1978 inayomwonesha bwana shamba wa Kiarabu kwa macho ya watumishi wake. Mwengine akasema hawezi kukipeleka kitabu hicho katika skuli anayosoma mdogo wake, kwa sababu babu yake alipoteza ndugu mwaka 1964 na riwaya ile haimlilii. Kikao kilinyamaza. Baadaye mwanachama wa tatu akasema kuwa babu yake yeye alikuwa mchumaji karafuu, na kwamba katika kitabu cha Sheikh Abdulla nako hakumkuta.

Hatukupiga kura siku ile. Tulikubaliana polepole, baada ya vikao viwili zaidi, kwamba vyote viwili viwekwe, tena katika rafu moja, na kwamba riwaya iende kwa madarasa ya juu ambayo mwalimu anaweza kukaa nayo. Kabati lenye kitabu kimoja tu cha historia ni kabati la mfalme au la kamati. Kabati la walimu lina mazungumzo ndani yake.

Tunachoomba

Nyenzo zipo kuliko wakati wowote uliopita. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambapo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zinaruhusiwa kuchapwa. Miswada ya zamani ya Kiswahili cha hati za Kiarabu iliyoko SOAS, London, imewekwa mtandaoni. Kwa mwanafunzi wa Oman, ambaye hati hiyo ni yake tangu darasa la kwanza, ni mlango mwepesi kuliko kwa mwanafunzi wa Nairobi. Na tangu 2022 tunayo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis.

Kinachokosekana ni mtu wa kuomba. Klabu imeandika barua kwa skuli ile, kuomba rafu moja katika kituo chao. Tumejitolea kuandika kwa kila kitabu karatasi moja ya Kiarabu inayoeleza mwandishi ni nani, kimeandikwa lini na kwa nini kisomwe, ili hata asiyejua Kiswahili ajue kilichopo mbele yake. Walimu wetu wa idara tunawaomba wazipitie karatasi hizo na wasituonee haya kwa makosa. Wanachama tunawaomba kila mmoja aulize nyumbani kwake kama kipo kitabu ndani ya sanduku. Asikichukue kama mwenyewe hataki. Apige picha jalada tu, aandike nani alikileta na mwaka gani.

Bibi yule wa kitabu kilichoshonwa tulimwomba akitoe kiwe cha kwanza katika rafu. Alikataa. Lakini amekubali kuja nacho skuli siku rafu itakapofunguliwa, awasomee watoto ukurasa mmoja, kisha arudi nacho kwake.